Monita moja au vifaa kadhaa? Ununuzi unaokikabili kituo cha shamba, Pemba

Kamati ya kituo cha afya cha kwetu, kaskazini ya Pemba, imepata fedha kidogo na sasa imegawika. Wapo wanaotaka inunuliwe monita moja ya kubebeka, yenye kioo kinachoonesha presha, mapigo, oksijeni, joto, pumzi na mchoro wa moyo kwa pamoja. Wengine wanasema fedha hizo hizo zitanunua mashine kadhaa za presha, vipimajoto na vipimo vya oksijeni vya kidoleni, na chenji ibaki. Nimeombwa maoni kwa kuwa nimefanya kazi wodini miaka mingi.

Wanaotaka monita wana hoja nzito, na anayeipuuza hajawahi kulala zamu. Usiku nesi huwa mmoja. Chumba hiki yumo mama wa uchungu, kile yumo mtoto mwenye nimonia, na mlangoni ndiyo kwanza kashushwa mzee kwenye bajaji. Nesi hawezi kuwa kila pahala. Monita inaendelea kupima yeye akiwa kwengine, na oksijeni ya mtoto ikishuka chini ya asilimia 90 italia. Asubuhi daktari ataona presha ilivyokwenda usiku kucha, badala ya namba mbili zilizoandikwa kwa haraka pembeni ya faili.

Lakini nami nina la kusimulia. Niliwahi kumsindikiza ndani ya gari mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua, tunakimbilia Chake Chake. Monita tuliyochukua ilionesha betri imejaa wakati tunatoka mlangoni. Hatujafika nusu ya njia kioo kikazima. Nikabaki na vidole vyangu kwenye mkono wake na saa yangu, nahesabu mapigo huku gari inaruka mashimo, na kila nilipoona yanapungua nguvu nilimwita jina lake. Alifika hai, alhamdulillahi. Tangu siku ile, nikioneshwa mashine, swali langu la mwanzo ni betri. Saa anazotaja muuzaji ni za betri mpya, tena mkanda wa presha ukijazwa kwa nadra. Kila pampu inapojaza upepo chaji huliwa, na mgonjwa mahututi hupimwa kila baada ya dakika chache.

Umeme wetu nao una tabia zake. Pemba imeunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na hali ni bora mno kuliko enzi za majenereta, lakini umeme bado hukatika, na ukirudi hurudi kwa kishindo. Ongeza upepo wa chumvi. Nimewahi kuchomoa waya wa kidoleni nikakuta meno ya plagi yamefanya kutu ya kijani. Mashine yenyewe nzima, ila haisomi, na waya mpya unatoka ng'ambo. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya taarifa za vifaa vya hospitali katika nchi maskini, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Namba hiyo haikunishangaza. Monita ya namna hii ikiharibika, vipimo vyote vinaondoka siku moja. Mashine moja ya presha kati ya nne ikifa, tatu zinabaki.

Upande wa pili nao usijione umeshinda. Mashine rahisi ya presha inaweza kudanganya, khasa kwa waja wazito. Nyingi za kujipima zenyewe husoma chini kwa mama mwenye kifafa cha mimba kinachonyemelea, na huyo ndiye tunayemtafuta. Kwa hiyo iulizwe: imepimwa kwa kiwango cha ISO 81060-2, yaani kipimo cha kimataifa cha usahihi wa mashine za presha, na imejaribiwa kwa wajawazito? Ipo inayoitwa CRADLE VSA iliyojaribiwa hivyo. Inapima presha na mapigo tu, inachajiwa kwa chaja ya simu, na huwasha taa ya kijani, njano au nyekundu ili hata asiye daktari ajue hatari. Ila utafiti mkubwa uliochapishwa 2019 haukuthibitisha kwamba kuisambaza peke yake kulipunguza vifo na madhara makubwa kwa akina mama. Taa nyekundu inataka mtu, dawa na gari.

Mkanda wa presha ndio kitu kinachosahauliwa kuliko vyote. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha presha isiyokuwepo, na mkubwa kwenye mkono mwembamba huishusha. Ukinunua wa saizi moja, umenunua makosa kwa nusu ya wagonjwa.

Oksijeni nayo ina mambo yake. Kipimo hupitisha mwanga kidoleni, na piko, ile rangi nyeusi ya mapambo ya harusi, huuzuia. Bibi harusi wa wiki iliyopita anaweza kuletwa na homa, kipimo kikakataa kusoma au kikatoa namba ya kutisha bure. Hapo tumia ncha ya sikio. Na kwa ngozi zetu tuwe na hadhari zaidi: utafiti wa Marekani wa 2020 ulionesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichwa na vipimo hivi ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kioo kikisema 93 na mtoto anavuta mbavu, muamini mtoto. Pumzi zake zihesabiwe dakika nzima kwa macho, hata monita ikiwepo.

Monita kamili naiona ina haki yake kwenye hospitali za Wete, Chake Chake na Abdulla Mzee kule Mkoani, kwenye upasuaji na fundi karibu, na ndani ya gari la wagonjwa kama betri yake imethibitishwa. Kwa kituo chetu kura yangu ni vifaa rahisi: mashine tatu za presha zilizojaribiwa kwa wajawazito, kila moja na mikanda ya saizi tatu, vipimajoto, na kipimo kimoja cha oksijeni cha mkononi chenye waya, kengele na betri ya kuchaji, mfano wa vile vya shirika la hisani la Lifebox, kwa ajili ya usiku. Nyaya na betri za akiba ziandikwe kwenye mkataba huo huo wa ununuzi, zisiachwe kwa bajeti ya mwakani.

Na kama kamati bado itachagua monita, basi kabla ya kulipa muuzaji ailete kituoni jioni, tuichomoe kwenye umeme mbele yake, tuifunge mkononi mwa mmoja wetu ipime presha kila robo saa, nami nitakesha nayo mpaka alfajiri.