Baiskeli ya Kulala Ndiyo Inayostahili Mota

Kuna waendeshaji wa baiskeli za kulala, zile unazokalia kiti cha chini ukiegemea nyuma huku pedeli zikiwa mbele yako, ambao ukiwatajia mota wanakunja uso papo hapo. Wanasema chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya miguu ya binadamu, na kukitia umeme ni kukiharibu. Ni watu wa heshima zao, ila kwa hili sikubaliani nao hata kidogo. Kama kuna baiskeli inayostahili kufungwa mota kuliko zote, ni hii ya kulala, na mota yenyewe iwe ile ndogo inayokaa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu.

Hayo madai ya ubaiskeli halisi yana historia ya kuchekesha. Tarehe 7 Julai 1933, mjini Paris, Francis Faure alipanda baiskeli ya kulala iliyoundwa na Charles Mochet akakata kilomita 45.055 kwa saa moja, akaipita rekodi ya Oscar Egg ya kilomita 44.247 iliyokuwa imedumu tangu 1914. Mwaka uliofuata UCI, chama cha kimataifa cha mchezo huo, kikatunga maelezo mapya ya baiskeli ya mashindano, na ya Mochet ikajikuta nje. Leo warithi wa chombo kilichofukuzwa kwa kuwa si baiskeli ndio wanaosimama mlangoni kukagua baiskeli za wenzao!

Tuje kwenye hesabu. Faida ya kulala ni hewa: mwili unaonyooka chini haukingi upepo kama kifua kilichosimama. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 30, upinzani wa hewa unazidi mara mbili na robo, na nguvu ya kuushinda zaidi ya mara tatu. Hapo aliyelala anacheka.

Mlimani kicheko kinakwisha. Huwezi kusimama juu ya pedeli ukaikandamiza kwa uzito wako, kwa hiyo unabaki na nguvu ya mapaja tu. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 100, kwenye mwinuko wa asilimia 8. Akitoa wati 100, kiwango ambacho mtu wa kawaida anaweza kukihimili kwa muda, atapanda kwa chini kidogo ya kilomita 5 kwa saa. Kwa mwendo huo baiskeli ya kulala ya magurudumu mawili inaanza kuyumba, usukani unakwenda huku na huku, na mara nyingi mguu unaishia chini. Ili apande kwa kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao baiskeli inatulia, anahitaji takriban wati 220. Pengo ni wati 120 tu. Yaani mota ya wati 250, kile kiwango ambacho Umoja wa Ulaya unakiruhusu kwa baiskeli za umeme za kawaida, inalifuta na chenji inabaki. Wanaokwenda kununua mota za wati elfu moja kwa baiskeli kama hii sijui wanamkimbia nani.

Wapo watakaosema mota ya katikati, ile inayokaa kwenye pedeli, ndiyo bora mlimani kwa sababu inatumia gia. Kwa baiskeli ya kawaida sibishani sana. Lakini kwenye ya kulala pedeli ziko mbele kabisa, kwenye ncha ya bomba, na cheni inasafiri hadi nyuma ikipitia magurudumu madogo ya kuielekeza. Ukiifunga mota pale, umetundika uzito mbele ya kila kitu, kisha nguvu yote ya umeme unaipitisha kwenye cheni ndefu kupita kiasi. Mota ya habu haiigusi cheni, na siku ikigoma unakanyaga tu mpaka nyumbani.

Gurudumu gani? Baiskeli nyingi za kulala zina gurudumu dogo mbele, la inchi 20, na hilo linavutia: kwa mwendo uleule linazunguka haraka kuliko la inchi 26, kwa hiyo mota haikwami kwenye mizunguko michache inayoifanya ichemke mlimani. Tatizo ni kwamba kuna miundo ambayo mbele ni nyepesi mno, na ukipanda changarawe tairi linateleza mahali pake. Kabla ya kuagiza chochote, kaa kwenye kiti chako huku gurudumu la mbele likiwa juu ya mizani. Likibeba uzito kiduchu, mota iende nyuma. Ya magurudumu matatu yenye mawili mbele haina mjadala, ni nyuma.

Sasa ekseli, na hapa naomba subira. Ekseli nyingi za mota hizi ni za milimita 12, zimechongwa pande mbili zibaki milimita 10 ili ziingie kwenye mpasuko wa foku, ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Mota inaposukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli inajaribu kuzunguka kinyume, na kinachoizuia ni zile pande mbili bapa tu. Foku ya alumini hainyumbuki ikakuonya, inapasuka. Ekseli ikijizungusha, waya zinazotokea katikati yake zinanyongwa na kukatika, na gurudumu linaweza kuchomoka. Dawa yake ni mkono wa chuma wenye tundu la umbo la ekseli, unaofungwa kwenye foku ili kubeba huo msokoto. Usiridhike kwa kuwa nati imekazwa. Tazama kama washa, kile kipete kilicho chini ya nati, imelala bapa: foku nyingi zina ukingo mdogo kuzunguka mpasuko, na washa ikikaa juu ya ukingo huo utakaza hadi jasho likutoke, na bado italegea. Waya nazo ziache zining'inie kidogo chini ya ekseli kabla ya kupanda, maji ya mvua yadondokee nje badala ya kuingia ndani ya mota.

Aina ya mota? Ile yenye gia ndani. Ni nyepesi, na ukizima umeme gurudumu linaserereka lenyewe bila kuvutwa. Isiyo na gia inaweza kurudisha umeme kidogo kwenye betri unapofunga breki, lakini ni nzito, na umeme ukiisha sumaku zake zinakushika wakati umechoka.

Betri ndogo inatosha, na hiyo ndiyo zawadi ya kulala chini. Ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Ukitumia wati-saa 8 kwa kilomita, huku miguu ikifanya kazi yake, ni kilomita 45. Mahali pake ni nyuma ya kiti au chini yake, karibu na ardhi, na fyuzi isikosekane.

Jambo la mwisho ni kitambuzi cha pedeli. Kile cha bei rahisi kinasubiri miguu izunguke kidogo ndipo kiiamshe mota, lakini kuondoka kutoka kusimama, hasa kwenye mwinuko, ndiko kugumu zaidi kwa aliyelala. Pale ambapo sheria inaruhusu, ongeza aksileta ya kidole gumba. Unaibonyeza wakati mguu wa pili ungali chini, baiskeli inajivuta, ndipo unakanyaga.