Fundi, Usipake Rangi Kwanza

Mwaka juzi, mwezi wa nne, mnara wa tenki letu la maji hapa Kwa Mrombo, Arusha, ulianguka usiku. Lita 5,000 zikijaa ni tani 5. Ziliangukia ukuta wa jirani, si chumba cha watoto. Jirani alitoka na tochi akidhani ni lori limeacha njia. Nilimpa pole, nikamjengea ukuta, yakaisha.

Ambacho hakijaisha kichwani mwangu ni nilichokiona kulipokucha. Mguu mmoja ulikuwa umeachia pale ulipoungwa na chuma cha mshazari. Nikaokota kipande, nikakifuta matope. Kingo za vyuma vyote viwili zilikuwa zimenyooka vilevile zilivyokatwa na grenda. Hazikuyeyuka hata kidogo. Chuma cha rodi ya kuchomelea kilikuwa kimelala juu yake kama uji ulioganda kwenye sufuria, nikakibandua kwa bisibisi. Ndani, vitundu kama vya kitumbua.

Kwa nje sasa! Kwa nje ilikuwa kazi safi: imesagwa ikawa laini, ikapigwa puti, ikapakwa rangi ya fedha. Siku ya kuipokea nilimsifu fundi mbele ya mke wangu. Kumbe kule kusaga kulikuwa kumepunguza hata kile kidogo kilichoshika.

Nilimfuata mtaa wa Unga Limited, si kwa kugombana (haya, kwa kugombana). Nikamkuta anachomelea geti. Machoni ana miwani ya jua, ile inayotembezwa stendi. Anagusa chuma, cheche zinaruka, anageuzia uso barabarani, mkono unaendelea wenyewe kwa mazoea. Saidia fundi wake kashika chuma kwa mkono mtupu, kafumba macho. Hasira ikaniishia palepale. Huyu mtu hakuniibia. Alikuwa haoni tu.

Tumezoea kuiona ngao ya uso yenye kioo cheusi kama mambo ya afya, kitu cha viwanda vyenye pesa. Mimi naiona ni kifaa cha kazi kama futi kamba. Nyuma ya kioo cha namba 10 au 11 fundi anakiona kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, anaona kama kingo zote mbili zimeingia, anaona ganda, yale makapi ya rodi yanayoelea juu, likitaka kutangulia mbele ya moto. Kwa miwani ya jua anaona weupe tu. Halafu usiku, saa kadhaa baada ya kazi, macho yanakuwa kama yametiwa mchanga, na kesho yake anaamka nayo mekundu kwenda kuchomelea mnara wa mtu mwingine. Kwa hiyo mtu akiniambia usalama wa fundi ni suala moja na ubora wa kazi ni lingine, simwelewi.

Arusha hii tunakata Land Cruiser katikati, tunaongeza kipande, tunaunga tena ibebe watalii zaidi, kisha inakwenda kutikiswa na barabara ya Serengeti. Wapo mafundi wanaoifanya kazi hiyo kwa ustadi, nawavulia kofia. Mshono ule mkubwa kila mtu anauogopa, kwa hiyo unapewa heshima yake. Ninaoogopa mimi ni ule mdogo wa baadaye, kishikizo cha jeki au cha redio: "Fundi, gusa tu hapo, dakika moja."

Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la Norway lililoitwa Alexander L. Kielland lilipinduka na watu 212 ndani yake. Walikufa 123. Uchunguzi ulifuata ufa hadi kwenye mshono mwembamba, milimita 6, ulioshikilia kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji. Kikorokoro tu, hakikubeba uzito wa jukwaa. Ila kilichomelewa kwenye bomba lililobeba. Na ndani ya ule ufa walikuta rangi, maana yake ulikuwepo tangu kiwandani, ukapakwa, ukapendeza.

Maziwa nayo nisiyaruke. Karakana nyingi zinaamini pakiti ya maziwa inasafisha moshi. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, hawakutani. Ukichomelea bomba lenye zinki bila kusaga ile zinki kwanza, jioni unatetemeka kwa homa, unakwenda kupima malaria, huna. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Sheria yetu ya usalama mahali pa kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Fundi wa chini ya mti anaajiriwa na nani? Na mimi mteja, kwa siku hizo mbili.

Maana mnara ule niliomba bei hadi fundi akacheka kwa uchungu, kisha nikataka uishe Jumamosi. Ngao ya uso ingetoka wapi?

Mnara wa pili alijenga yeye yule. Nilinunua ngao mbili, yake na ya kijana, na rodi ambazo pakiti yake ilikuwa bado haijafunguliwa. Ilichukua siku nne. Kila kiungo aligonga ganda, akapiga brashi ya waya, akaniita: "Bosi, njoo uone kabla sijapaka." Viungo viwili alivikata mwenyewe akavirudia, sikumwambia mimi. Alipomaliza nikamwambia asipake kabisa, tujaze maji kwanza, tukae nayo wiki.

"Itashika kutu, bosi."

Ikashika. Nilipaka mwenyewe Jumapili iliyofuata, na mpaka leo kuna kiungo kimoja upande wa nyuma ambacho brashi haikufika.