Mkufu Umekatika, Dhahabu Haijapungua

Kuna maneno matatu ambayo kila nikiyasikia kwenye meza ya mnunuzi wa dhahabu damu hunichemka: "Lakini imekatika hii." Mnunuzi anaushika mkufu kwa ncha za vidole, anapatazama pale ulipoachia, anakunja uso, kisha anataja bei kama mtu anayetoa msaada. Mwenye mkufu, ambaye tangu mwanzo alikuja na haya kidogo kwa sababu anauza, anakubali. Anaamini kweli ameleta kitu kibovu.

Mimi nasema huyo ameshapunjwa kabla mizani haijawashwa. Mnunuzi wa aina hiyo hanunui mkufu ili auvae wala ampambe mtu. Anakwenda kuuyeyusha. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na ikifika hapo, pete iliyopinda, hereni iliyopotelewa na mwenzake na bangili iliyopasuka zote ni uji mmoja. Kukatika kunashusha bei ya kitu kinachouzwa kama pambo. Kitu kinachouzwa kwa uzito hakipungui hata senti kwa kukatika.

Kinachouzwa pale ni gramu za dhahabu safi zilizomo ndani ya pambo, basi. Na hizo unaweza kuzikadiria wewe mwenyewe, nyumbani, bila kumwomba mtu ruhusa. Dhahabu tupu ni laini mno, hupinda na kukwaruzika upesi, ndiyo maana sonara huichanganya na shaba, fedha na madini mengine ili ipate ugumu. Karati ni hesabu ya mchanganyiko huo: 24 ni dhahabu tupu, 18 ni sehemu 18 kati ya 24, yaani robo tatu. Kwenye pambo lenyewe mara nyingi utakuta namba inayohesabu sehemu katika elfu. 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9.

Namba hiyo hugongwa upande wa ndani wa pete, kwenye kishikizo cha mkufu, au kwenye kijiti cha hereni. Ni ndogo sana. Tafuta kioo cha kukuzia, sogea dirishani, igeuze pete polepole mpaka mwanga uipige kwa ubavu. Pete iliyovaliwa miaka mingi inakuwa imelika, na kwa mwanga wa juu huoni kitu; ukiilaza kidogo tu, tarakimu zinaanza kujitokeza moja moja. Dakika chache hizo zina faida kuliko ubishi wote utakaoufanya baadaye mbele ya meza.

Namba peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu yeyote mwenye nyundo na muhuri anaweza kuigonga, na kishikizo huenda kilibadilishwa kikaja cha karati tofauti na mkufu wenyewe. Ukikuta herufi GP au GF, hiyo ni dhahabu ya kuchovya au ya kufunikwa, na ukikuta 925 kwenye kitu cha njano, ndani ni fedha. Watu hupenda kujaribu kwa sumaku. Kinachong'ang'ania sumaku mwili mzima si dhahabu, hilo kweli, lakini shaba na fedha nazo hazivutwi, kwa hiyo sumaku inaweza kukataa tu, haiwezi kuthibitisha. Halafu usishtuke kishikizo kikivutwa: kijispringi cha ndani aghalabu ni cha chuma hata kwenye mkufu halali kabisa.

Sasa jambo ambalo naliona ndilo linalowaumiza watu kuliko yote, na ndilo lisilozungumzwa: kupima kila kitu pamoja. Mtu anakuja na kifurushi, mnunuzi anakimimina chote kwenye mizani, anasoma uzito mmoja, anasema "tuchukulie karati 14 kwa wastani." Inasikika kama ni haki. Hebu tupige hesabu. Tuseme ndani mna bangili ya karati 22 yenye gramu 12, mkufu wa karati 18 wenye gramu 6, na hereni za karati 9 zenye gramu 4. Bangili ina karibu gramu 11 za dhahabu safi, mkufu una 4.5, hereni zina 1.5. Jumla ni 17. Lakini gramu 22 zikihesabiwa zote kwa karati 14 zinatoa chini kidogo ya 13. Gramu nne za dhahabu safi zimepotea hapo mezani mchana kweupe, hakuna aliyekuibia mfukoni, na wewe umeshukuru ukaondoka. Tenganisha vitu vyako kwa karati kabla hujatoka nyumbani, kila fungu kwenye kimfuko chake, na usikubali yachanganywe.

Kwenye mizani kwenyewe, uliza inasoma kipimo gani. Soko la dunia linataja bei kwa wakia ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1, nzito kuliko wakia ya kawaida yenye gramu 28.35. Kuna wanaotumia tola, gramu 11.66, na kuna kipimo kingine cha kizamani, peniweiti, ambacho ni gramu 1.555. Mizani ikionyesha 20 kwa peniweiti, una gramu 31. Wewe ukidhani ile 20 ni gramu, na bei ukatajiwa kwa gramu, theluthi moja ya mali yako imekwenda. Kioo cha mizani kikuelekee, kianze kusoma sifuri, na alama ya kipimo uione kwa macho yako.

Ukishajua gramu zako za dhahabu safi, chukua bei ya siku hiyo ya wakia, igawe kwa 31.1, zidisha. Hiyo ndiyo thamani ya dhahabu iliyomo. Hutalipwa yote, na si sawa kudai ulipwe yote. Mnunuzi ana gharama ya kuyeyusha na kusafisha, lehemu ya kwenye viungo huwa na dhahabu kidogo kuliko pambo lenyewe, na bei inaweza kushuka kabla hajauza. Apate chake. Ninachotaka mimi ni aseme wazi chake ni kiasi gani. Swali ni hili: "Unalipa asilimia ngapi ya thamani ya dhahabu safi iliyomo?" Mfanyabiashara mwaminifu atalijibu papo hapo, maana ndiyo hesabu anayoifanya kutwa. Anayeanza kuzungukazunguka, mara soko baya, mara mkufu umekatika, namwacha hapohapo, naenda kwa mwingine. Ningekushauri ufike kwa wanunuzi watatu hata kama wa kwanza amekuridhisha.

Kupima ubora mbele yako ni haki yako pia. Njia ya zamani ni kusugua pambo kwenye jiwe jeusi mpaka libaki na mstari, kisha kudondoshea tindikali ya nguvu tofauti tofauti kuona mstari unafutika kwa ipi. Inahitaji jicho zoefu lakini inaaminika. Siku hizi kuna mashine za miale zinazosoma mchanganyiko kwa sekunde chache bila kuharibu kitu, ila zinaona tabaka jembamba la juu tu, na ndiyo sababu mnunuzi makini anaweza kuomba apige tupa kidogo mahali pasipoonekana. Kwa kitu kinachokwenda motoni, mruhusu. Kwa kitu ambacho hujaamua bado, kataa.

Vito vya mawe navyo vina mchezo wake. Mnunuzi hukata uzito wa mawe, jambo ambalo ni sahihi kwa kuwa hanunui mawe, halafu mawe hayohayo yanabaki kwake. Ama ayalipie, ama ayatoe akurudishie mkononi.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu nimeona vitu vikienda motoni ambavyo havikustahili moto. Bangili ya kuchongwa kwa mkono, pambo la kale lenye alama ya fundi wake, sarafu ya zamani: hivi vikiuzwa kwa uzito unalipwa dhahabu tu, ile kazi ya mikono inapewa bure. Vipeleke kwanza kwa mtu anayenunua vitu vya kale au kwa sonara anayeuza vilivyotumika. Na mkufu mzuri uliokatika pete moja, mara nyingi lehemu ndogo inautengeneza siku hiyohiyo. Ulizia gharama ya kutengeneza kabla hujaulizia bei ya kuuza.

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo piga picha kila kitu, andika uzito wake, na dai risiti inayotaja gramu, karati na bei ya gramu, siyo jumla tu. Ukiombwa kitambulisho usikasirike. Mnunuzi anayekiuliza anajikinga na mali ya wizi, na binafsi namwamini zaidi kuliko yule asiyejali dhahabu umeitoa wapi. Wanaotaka uwatumie dhahabu kwa posta wanahitaji tahadhari mara mbili: tuma yenye bima, na upate kwa maandishi kwamba hawatayeyusha kitu kabla hujakubali bei. Kikishayeyushwa, huna tena cha kurudishiwa wala cha kubishania.

Wengi wanaouza wanauza kwa shida, ada imefika au mgonjwa yuko kitandani, na mwenye shida hana muda wa kuzunguka. Nalielewa hilo vizuri. Lakini hata kwa haraka hiyo huhitaji kuuza kifurushi chote. Anza na hereni isiyo na mwenzake, vipande vya mkufu ambavyo havitengenezeki, pete iliyopondeka ambayo hakuna atakayeivaa. Vipimwe, vilipwe, uhesabu fedha. Zikitosha, bangili nzima irudi nayo nyumbani.