Ini Lenye Mba

Wiki yangu ya tatu maabara, mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba vya nyama ya mgonjwa iliyozamishwa kwenye nta, ilinikubali. Utepe wa nta ulitoka umenyooka, vipande vya mikroni 4 vimeshikana kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara. Siku zote nilikuwa nakata makunyanzi na matobo tu, kwa hiyo nilibana pumzi. (Si utani: ukipumua ovyo, utepe unaruka na kukukalia puani.)

Nikaulaza majini kwa brashi. Beseni lilisoma nyuzi 42, joto la kuikunjua nta bila kuiyeyusha. Ukatanda, ukang'aa. Nikauinamia kuushangaa na, kama ilivyo kawaida yangu nikifurahi, nikajikuna kichwa. Mzee, msimamizi wetu, alishatuambia tupitishe karatasi laini juu ya maji kila mara ili kuzoa takataka. Takataka zipi? Maji yalikuwa safi kabisa!

Nikaopoa kipande kwa slaidi ya kioo, nikaandika namba kwa penseli (wino huyeyuka kwenye zailini, dawa ya kutolea nta, hilo angalau nililishika), nikakausha, nikatoa nta, nikapaka rangi za hematoksilini na eosini. Zambarau na waridi zikakolea, nusura niibusu.

Kilichobaki ni kufuta mgongo wa slaidi, upande usio na nyama, kisha gundi na kifuniko. Nikafuta kwa moyo wote. Kitambaa kikageuka waridi. Nikajisemea, kumbe mgongo ulikuwa mchafu hivi!

Mzee akaiweka kwenye hadubini. Akaisogeza huku, akaisogeza kule.

"Hiki nini, kijana?"

"Ini, mzee."

"Hebu nieleze unachokiona."

Nikachungulia. Katikati jangwa tupu. Kwenye kona, ambako kitambaa hakikufika, palibaki vijipande bapa vya waridi, visivyo na kiini hata kimoja. Nikajikaza kisabuni.

"Seli za ini, mzee. Zimechoka kidogo."

"Seli ya ini ina kiini cha duara, nyingine zina viwili. Hii ni ngozi iliyobanduka." Akanyanyua macho taratibu hadi kwenye nywele zangu. "Huyu mgonjwa wa ini lenye mba, umempa namba ngapi?"

Bahati nzuri bloku ya nta ilikuwa na nyama ya kutosha, nikakata upya. Safari hii nilipitisha karatasi juu ya maji mara tatu. Wakati wa kuopoa, mkono mmoja ulishika slaidi, mwingine niliutia mfukoni.