Shabiki Hana Duka la Kuhamia

Kwa miaka kadhaa nimeendesha karakana ndogo ya uchapaji hapa River Road, na klabu ya soka ya AFC Leopards, tunayoiita Ingwe, inapocheza Nairobi mimi huwa uwanjani. Kila msimu nasikia kwamba klabu zetu zitapona siku zitakapoendeshwa kama biashara, na kauli hiyo hainiridhishi, kwa sababu wanaoitoa hawasemi ni jambo gani hasa la biashara wanalotaka tuige.

Mteja nikimcheleweshea kadi za harusi, kazi yake ya pili ataipeleka kwa jirani, na hofu hiyo ndiyo inayoniamsha alfajiri. Shabiki wa Ingwe hana jirani wa kumkimbilia. Klabu ilitwaa ligi mwaka 1998, kisha ikakaa zaidi ya miaka 20 bila kulionja tena taji hilo, na bado siku ya Mashemeji, tunapokutana na Gor Mahia, watu huja na fulana zao za buluu na nyeupe, wengine wakiwa wamewabeba watoto mabegani. Mapenzi ya namna hiyo ni mtaji ambao mwenye duka yeyote angeutamani, lakini ndiyo hayo hayo yanayomkinga kiongozi mzembe na adhabu ambayo soko lingempa mapema.

Ninachotaka tuige ni nidhamu ya fedha. Niliwahi kumtegemea mteja mmoja kwa zaidi ya nusu ya mapato yangu, na alipoondoka, mishahara ya miezi miwili niliilipa kwa mkopo wa sacco. Nilizikumbuka siku hizo mnamo Agosti 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa iliposimamisha udhamini wake wote nchini katika mvutano wa leseni na kodi, na Gor Mahia pamoja na Leopards zikabaki bila mdhamini mkuu. Kupokea fedha za mdhamini si kosa hata kidogo, ila ni hatari kubwa kusaini mikataba ya wachezaji kana kwamba fedha hizo hazina mwisho. Mchezaji wa kigeni asiyelipwa anaweza kufikisha shauri lake FIFA, na klabu isipolipa hufungiwa kusajili, adhabu ambayo klabu zetu kubwa zimekwisha kuionja.

Wako wanaoamini kwamba kuuza hisa kutamaliza yote. Borussia Dortmund ya Ujerumani iliingia katika soko la hisa mwaka 2000, na kufikia 2005 madeni yalikuwa yameifikisha ukingoni mwa kufilisika. Kampuni nayo huweza kula mbegu, yaani kutumia leo fedha za kesho.

Kwa hiyo ningependa mkutano mkuu ujao wa klabu yangu uanze na daftari la mishahara kabla ya majina ya wachezaji wapya: nani amelipwa, nani bado anadai, na katika kila shilingi 100 tunazotumia, ni ngapi zimetoka mlangoni kwa mashabiki na ngapi kwa mdhamini.