Faili za sistemu zimekatika vipande: tuziunganishe ao tuziache?

Hapa Goma mashini nyingi za kwenye sekretaria ni za okazio, zinakuja na diski ya kuzunguka ya zamani, na kila mara kuko mtu ananiletea moja anasema ipigwe defragi (kuunganisha vipande vya faili vilivyotawanyika) hadi faili za sistemu, hasa pagefile.sys (huko Windows inaweka kile RAM, kumbukumbu ya kazi, haitoshi kubeba) na hiberfil.sys (huko inahifadhi hali ya mashini inapojilaza), juu kuna mtu alimwambia uzito wote unatoka hapo.

Wanaosema hivyo wako na hoja. Diski ya mizunguko 5400 kwa dakika inatumia karibu milisekonde 11 kumaliza duara moja, ongeza muda wa kichwa kuhama, sema 15 kwa kila kipande, basi faili ya vipande 1000 ni sekunde 15 za kuruka tu. Na defragi ya Windows haigusi pagefile juu sistemu yenyewe imeishikilia. Enzi za XP tulikuwa na PageDefrag ya Mark Russinovich, ilikuwa inafanya kazi wakati mashini inawaka, Windows haijaingia bado, lakini kuanzia Vista haitembei tena.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo watu wengi hawafikirii. Pagefile haisomwi kutoka mwanzo hadi mwisho, Windows inachukua kidogo huku, kidogo kule, kwa hiyo hata ukiiunganisha yote kichwa cha diski kitaruka tu. Mashini ya RAM giga 2 yenye kufungua Chrome na Word pamoja, shida yake ni RAM, ongeza RAM kwanza. Hiberfil ni kesi ingine kabisa: tangu Windows 8 ile startup ya haraka inaisoma kila unapowasha, inasomwa kwa mfululizo, basi vipande vyake vinachelewesha kweli. Wengine wanaizima moja kwa moja ili wapate nafasi, mimi sikubali, kwa mji ambao umeme unakatika hivi laptop inayojilaza kwenye diski betri ikiisha inaokoa kazi ya mtu.

Vile mimi nafanya: nazima hiberfil kwa muda tu na amri powercfg /h off, pagefile naiondoa, nawasha upya, napiga defragi ya kawaida, halafu narudisha pagefile kwa saizi moja isiyobadilika na powercfg /h on. Zinarudi kwenye nafasi pana, mara nyingi kipande kimoja ao viwili, na sikununua programu yoyote.

Watu wanaogopa umeme ukatike katikati ya defragi. Woga huo naelewa, lakini NTFS (mpango wa Windows wa kupanga faili kwenye diski) inakopi data kwanza ndiyo inabadilisha ramani, na inashika jurnali (daftari ya mabadiliko), mara nyingi faili inabaki nzima. Kinachonitisha zaidi ni diski mgonjwa: masaa matatu ya kichwa kukimbia yanaweza kuimaliza, na humo kuna memwari ya mwanafunzi aliyoiandika mwaka mzima. Angalia SMART kwanza (ripoti ya afya ambayo diski inajitolea yenyewe), ukiona sekta zilizohamishwa zinaongezeka usiguse defragi, kopi data ya mtu siku hiyohiyo halafu umwambie atafute SSD (diski isiyozunguka), na kwenye SSD habari ya kuunganisha vipande usiiulize tena, hakuna kichwa cha kuruka, acha TRIM (amri ya Windows inayoiambia SSD nafasi zipi hazitumiki tena) ifanye kazi yake.