Kizulu ndugu, Kilao mgeni: kipi kitamtoa jasho zaidi Mswahili?

Ile taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wao, FSI, ina orodha yake ya lugha ngumu na rahisi, na humo Kizulu cha Afrika Kusini na Kilao, lugha ya nchi ya Laos kule Asia, vimetupwa kapu moja, kama masaa 1100 ya darasani kila kimoja, Kiswahili chetu wamekipa 900. Sawa, ila hiyo ni hesabu ya mtu anayetokea kwenye Kiingereza. Ukimuuliza Mbongo atakujibu fasta tu kwamba Kizulu ni cha ndugu zetu, wiki mbili unaongea, na Kilao achana nacho kabisa. Mi hilo jibu nalikubali nusu.

Nusu ninayoikubali ni hii. Chukua sentensi "watoto wangu wawili wamefika". Kizulu ni "abantwana bami ababili bafikile". Angalia hizo ba-ba-ba zinavyofatana kama wa-wa-wa zetu, yani hiyo ngeli iliyowashinda Wazungu wengi madarasani wewe umeinyonya na maziwa ya mama, huifikirii. Halafu maneno: nyama ni inyama, nyoka ni inyoka, kufika ni ukufika, kulala ni ukulala, na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kujifunza wanasema ukufunda na kufundisha ni ukufundisa, mtu aliyepita kwa somo wake akafundwa hawezi kupotea hapo.

Sasa sentensi hiyohiyo kwa Kilao: "luk khoi song khon ma hot laeo". Neno kwa neno ni mtoto, mimi, mbili, mtu, kuja, fika, tayari. Basi. Hamna wingi, hamna upatanisho, kitenzi hakibadiliki hata uulize cha jana au kesho, ukitaka kukanusha unaweka "bo" mbele ya kitenzi umemaliza. Hilo "khon" katikati ni neno la kuhesabia, watu wanahesabiwa kwa khon, wanyama kwa to, magari kwa khan, na mwavuli nao eti unahesabiwa kwa khan hiyohiyo, nenda kaulize gari na mwavuli walikutana wapi. Kuna wanaosema maneno hayo ni kama ngeli zetu. Siyo bana. Ngeli inatawala sentensi nzima, hilo neno la Kilao kazi yake kubwa inaanzia na kuishia pale kwenye kuhesabu.

Kwahiyo kwa sarufi tupu Kilao ndo chepesi, hata kwa Mswahili, na hapo ndo naanza kutofautiana na wale wa wiki mbili.

Kinacholeta shida ni toni, yani sauti kupanda au kushuka hadi maana ya neno inabadilika. Sisi Waswahili tuna kasoro moja hatuipendi kuisema, lugha nyingi za Kibantu zina toni na Kiswahili kimeshaipoteza. Neno paa kwetu ni mnyama, ni juu ya nyumba, ni kwenda angani, ni kutoa magamba ya samaki, na tunategemea tu maneno ya jirani yatuokoe. Kilao hakina huruma hiyo. "Kai" ya sauti moja ni mbali, ya sauti nyingine ni karibu, ya tatu ni kuku, kwahiyo unaweza kuuliza stendi ni karibu au mbali watu wakashangaa unataka kuku. Vientiane, mji mkuu wa Laos, toni kwa kawaida wanazihesabu sita, mji wa Luang Prabang tano.

Lakini Kizulu nacho kina toni! Hili ndo watu hawaambiwi. "Uyahamba" maana yake unaenda, na "uyahamba" maana yake anaenda, herufi zilezile, tofauti ni sauti ya hiyo u ya mwanzo, ya chini ni wewe na ya juu ni yeye. Sisi tunayo u na a, mambo yameisha, wao wameyaacha kwenye koo. Na kwenye maandishi ya kawaida toni haiandikwi kabisa, kwahiyo kitabu cha Kizulu unaweza kukisoma chote kwa lafudhi ya Kariakoo usijue unakosea wapi. Mwandiko wa Kilao unatisha, ni kweli, irabu zingine zinakaa juu ya konsonanti, zingine chini, zingine zinatangulia, na maneno hayaachiwi nafasi, ila ukishaushika unakwambia toni yenyewe: mbali haina alama, kuku ana alama yake juu, karibu ina nyingine. Na baada ya 1975 tahajia yao inafuata matamshi kuliko ya Wathai, ambao bado wamebeba herufi za Kipali na Kisanskriti, lugha za kale za India. Kwangu mi Kilao kinakudai mlangoni, Kizulu kinakukaribisha chai halafu bili inakuja baadae. Aliyekulia Kisukuma au Kikuyu nyumbani atalipa kidogo zaidi, kwasababu sikio lake toni linaijua.

Bado kuna vile vidoko, zile sauti za kugonga ulimi mdomoni, zinazoandikwa c, q na x. Yai ni iqanda na hiyo q inabidi ulimi upige kwenye paa la kinywa (paa lingine hilo). Vimetoka kwa Wakhoisan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, na wataalamu wengi wanavihusisha na hlonipha, ile heshima ambapo mke anakwepa kutamka silabi za jina la baba mkwe hivyo anatafuta sauti nyingine. Vidoko hivyo vinatisha wageni ila mi sivihesabu sana, ni mazoezi ya wiki chache mbele ya kioo.

Ukiniuliza uanze na kipi, bado nasema Kizulu, siyo kwasababu ya maneno ya bure, ila kwasababu ya soko lake. Sensa ya Afrika Kusini ya 2022 inaonyesha karibu robo ya watu, asilimia 24.4, wanakiongea nyumbani, na ukikijua Waxhosa, Waswati na Wandebele unawasikia. Kilao nacho kina siri yake, Laos ina watu milioni 7 na kitu tu, wakati ng'ambo ya mto Mekong, kule Isan kaskazini mashariki mwa Thailand, wanaoongea Kilao ni wengi kuliko hao. Ila huko shule inafundisha Kithai, kwahiyo utaongea na bibi sokoni mkaelewana vizuri tu, afu ukimwandikia kwa herufi za Vientiane hawezi kuzisoma.